Fuko na Miche ya Sabuni

Mbinga Mjini,
Jumatatu, baada ya masomo

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Naitanguliza shikamoo kabla karatasi haijalowa, maana huku ukungu unaingia hadi ndani ya daftari. Habari za Chiwanda? Kifua chako kinasemaje na upepo huu wa mwera? Bibi bado anagombana na magoti yake? Na mihogo ya mwaka huu, mmeanza kuivundika au bado?

Mimi ni mzima. Kidato cha tatu ni kigumu, ila si kama watu walivyonitisha. Darasani tunasoma kwa Kiingereza, tukitoka nje tunarudi Kiswahilini, na nyumbani mama mdogo Roza akikasirika anaingia Kinyasa, kwa hiyo ulimi wangu unashinda safarini. Mama mdogo anakusalimu shemeji yake. Yupo hapa pembeni anapiga pasi, na kila mara ananiuliza, "Umeshamwambia?" Namjibu bado, ndiyo kwanza namsalimia.

Sasa nakwambia. Barua hii inashindana na mtu. Bwana Kastori anakuja kwako. Gari lake limekatika springi, liko kwa fundi, na fundi mwenyewe anasubiri chuma kutoka Songea. Mimi barua hii nampa dereva wa lori la dagaa anayeshuka Mbamba Bay kesho alfajiri, na pale wapo akina mama wa Chiwanda watakaokufikishia. Nataka unisikie mimi kabla hujamwona yeye.

Baba, naomba ukae chini, kisha usinikasirikie mpaka ufike mwisho. Najua habari ya sabuni.

Sikuisikia kwako. Wewe hujawahi kuitaja, wala hujawahi kulitaja jina la Kastori. Ni Bibi aliyenieleza kabla sijapanda huku kusoma. Alisema zamani zile, vitu vilipokuwa haba na watu wakifulia majani ya mpapai, wewe na Kastori mlikuwa mkivuka ziwa na dagaa, mnarudi na sabuni ya Malawi. Alisema mlikula sahani moja, na Kastori ndiye aliyekuwa balozi wa nyumba kumi. Serikali ilipoanza msako wa waliokuwa wanaficha bidhaa, mlifukia miche ile ya sabuni katika shamba letu la mihogo, usiku, wawili tu. Kisha mgambo wakaja. "Walikuja na jembe moja," Bibi aliniambia. "Mjukuu wangu, watu wanaotafuta huja na majembe mengi. Hawa walikuja na jembe moja, wakachimba mahali pamoja, hata muhogo wa jirani haukutikisika." Wewe ukapelekwa gerezani Songea. Kastori hakuguswa.

Ya gerezani sitakuuliza. Lakini ya shuleni hukuyajua, kwa hiyo nakusimulia. Watoto walikuwa wakiniimbia: "Editha, baba yako amepanda miche ya sabuni, imeota? Imezaa povu?" Walikuita Mpanda Sabuni. Mwalimu naye alicheka, akageukia ubaoni ili tusimwone. Mimi nikajifunza kunyamaza. Nimenyamaza hadi walimu wa huku wanadhani nina kasoro ya koo.

Basi nilipofika Mbinga, mama mdogo akanipeleka kununua mafuta ya taa kwenye duka anakoweka cherehani yake barazani. Nikainua macho. Sabuni, Baba. Miche kwa miche, imepangwa kama matofali hadi kwenye dari, yote ya Malawi, mchana kweupe. Siku hizi ruksa, mtu anavuka ziwa akiimba. Na nyuma ya meza kasimama Bwana Kastori, kanenepa, anacheka na kila mtu. Aliponiona alisema, "Aa! Huyu si mtoto wa rafiki yangu? Karibu mwanangu. Niite baba mdogo." Nikamwita. Sikuwa na sauti ya kukataa.

Nyuma ya duka ana ukumbi wa video. Viti ni mabenchi, umeme ni wa jenereta, na Jumapili baada ya Misa ya pili watu wanajaa, wakulima wa kahawa kutoka vijijini, mafundi, wapakia mizigo, wauza dagaa. Walishazichoka picha za ngumi. Kastori akapata kanda za mzungu mmoja aliyekuwa anahama, ni mchezo wa televisheni ya Waingereza, wa zamani, hauna hata rangi, ni wa majasusi baada ya vita kuu. Wanaongea tu, hawapigani. Watu wakaanza kuguna. Ndipo akaja barazani kwa mama mdogo, akamwambia, "Mtoto wako anajua Kizungu. Aje atutafsirie." Mama mdogo anakaa baraza la mtu, angejibu nini? Akaniambia, "Nenda, utatazama picha bure."

Nilidhani nitakufa. Lakini walinikalisha kwenye kreti kando ya televisheni, dirisha limefunikwa gunia, mgongo wangu kwa watu, macho kwenye picha. Na nikagundua jambo ambalo sijamwambia mtu. Nikiwa ndani ya maneno ya mtu mwingine siogopi. Sauti ilitoka kubwa mpaka mimi mwenyewe nikashtuka.

Mchezo wenyewe ni hivi. Kuna mji wa Ulaya uliovunjwa na vita, nusu wanao hawa, nusu wanao wale, katikati waya. Kuna jasusi mmoja havui koti hata akila, watu wetu wakambatiza Koti. Kazi yake ni kuvuka waya na kuwavusha watu. Ana rafiki yake anayevuta kiko, huyo wakamwita Kiko. Kiko hamvushi mtu. Yeye anachora njia, anambebea Koti begi mpaka mlangoni, anamwambia "rudi salama." Lakini kila Koti anapovuka, kuna mtu anakamatwa. Mkubwa wao akawaita wote, akasema kwa Kiingereza kwamba ndani ya ofisi yao kuna "mole."

Baba, neno hilo nalijua kwa somo la baiolojia tu. Nikatamka kwa nguvu, "Anasema, ndani ya ofisi yetu kuna fuko!"

Ukumbi ukalipuka.

"Fuko la nini, la kubebea mahindi?"

"Mnyama," nikasema. "Fuko mnyama."

"Ofisini? Kafuata nini, viazi?"

Mzee mmoja wa kahawa akasimama kabisa. "Wazungu wajinga hao! Waje huku, sisi fuko tunamtegea shambani, kwenye mashimo yetu ya ngolo, tunambanika. Leteni huyo fuko tule!"

Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje kufuta machozi. Mimi nilitamani kuingia ndani ya ile televisheni. Kesho yake nikamwuliza mwalimu wa Kiingereza, akaniambia katika mambo ya ujasusi neno hilo maana yake ni mtu wa ndani anayewauza wenzake kwa adui. Nikaona aibu mara mbili. Lakini usiku huo nikawaza juu ya fuko wetu wa Chiwanda. Unaamka unauona muhogo umesimama, majani mabichi, unamshukuru Mungu. Ukiuvuta, chini hakuna kitu, kuna shimo na alama za meno. Nikajiambia, kumbe sikukosea sana. Na Jumapili iliyofuata watu wenyewe waliingia wakiuliza, "Leo fuko anakamatwa?" Mji mzima ukawa unabishana fuko ni nani. Sokoni mtu akipunjwa kwenye mizani anasema, "We fuko nini?"

Hapo bado sikuwa na nia mbaya. Nakuapia. Nia iliniingia Jumapili ya handaki.

Jumapili hiyo Koti anatakiwa kupita chini ya kanisa lililoungua. Chini yake kuna mahandaki mengi, yanaingiliana kama njia za siafu, mengine yamefungwa na kifusi. Njia ya kweli wanaijua wawili tu, yeye na Kiko. Kiko anamsindikiza, theluji inaanguka, anavua glavu zake mwenyewe anamvalisha rafiki yake, kidole kimoja kimoja, kama mama. Watu wetu wakasema, "Ah, huyu Kiko ana moyo." Halafu tunaona mkono tu, bila uso, unainua simu. Sauti inasema neno moja tu. Halafu tunarudi chini. Koti anatambaa na mshumaa. Maji yanadondoka. Ukumbi mzima hakuna aliyekohoa, hata jenereta nje nadhani lilishusha pumzi. Mama mmoja nyuma yangu alikuwa anasema polepole, "Rudi baba, rudi baba." Kisha picha ikapanda juu, tukawaona askari wa adui wakishuka kwenye gari. Mashimo ya kutokea yapo kila mahali kwenye ule uwanja. Wakayapita yote. Hawakuchungulia hata moja. Wakaenda kusimama juu ya tundu moja tu, na taa moja, wakangoja.

Nikanyamaza.

"Tafsiri!" wakapiga kelele. "Mtoto, wanasema nini?"

Hawakuwa wanasema chochote, Baba. Walikuwa wamesimama tu. Lakini mimi nilikuwa naliona jembe. Nilikuwa naiona mihogo imesimama wima pande zote. Nikageuza kichwa, na mlangoni, kwenye mwanga, amekaa Bwana Kastori na chupa yake ya chai, anawatazama watu badala ya picha, anatabasamu kwa sababu ukumbi umejaa. Kichwa cha Koti kikatokeza, taa ikamwangukia usoni, na kanda ikaishia hapo.

Wiki ile yote sikuwa mtu. Nilisali rozari, nikafika katikati nikakuta nahesabu majembe. Mama mdogo akadhani nina malaria. Nilikuwa napanga.

Jumapili iliyofuata Kiko akakamatwa. Walimkalisha kwenye kiti, taa usoni, mkubwa wao akamwuliza swali moja tu, kwa nini. Na Kiko akajibu kwa utulivu, maneno marefu, kwamba alifanya kwa ajili ya imani yake, kwamba pande zote mbili zimeoza na mtu lazima achague. Ndivyo alivyosema. Mimi sikuwaambia hivyo.

Mimi nilisema, "Anasema: alikuwa rafiki yangu. Tulivuka maji pamoja, tukala sahani moja. Siku za msako zilipofika nikaogopa. Nikaona heri aende yeye, nibaki mimi. Nikawaambia, msihangaike kuchimba shamba zima. Nendeni na jembe moja."

"Jembe?" mtu akauliza. "Ulaya nako wana majembe?"

"Nyamaza wewe, sikiliza!"

Mkubwa akauliza tena, neno fupi. Nikasema, "Anamwuliza, chini kulikuwa na nini?" Kiko akafumbua mdomo. Nikasema, "Miche ya sabuni."

Yupo mama mmoja wa kwetu ziwani anayeuza dagaa hapa sokoni, wanamwita Mama Tuma, mnene, hakopeshi mtu maneno. Nikasikia benchi likilia, amesimama. "Jamani," akasema. "Hiyo sabuni naijua. Hiyo si ya Ulaya. Hiyo ni ya Chiwanda."

Wale wa ziwani wakageuka kwanza. Kisha wengine wakageuka kwa kuwa wenzao wamegeuka. Wote wanatazama mlangoni. Kastori alikuwa hajasikia vizuri kwa ajili ya jenereta. Akauliza kwa kucheka, "Editha, wanasema nini hao?"

Nikamjibu, "Ni Kiko anayesema, baba mdogo. Mimi natafsiri tu."

Baba, nilifurahi. Nataka ujue hivyo, nisikudanganye. Nilifurahi kama mtu aliyekunywa maji ya baridi.

Kuanzia siku ya pili yake watoto wakawa wanapita mbele ya duka wanaita "Fuko!" na kukimbia. Wanawake wakija kununua wanamwambia, "Bwana, nipe mche wa sabuni, ila usinipe wa shambani." Na asubuhi moja kukawa na kilima kidogo cha udongo mbele ya mlango wa duka, kama kile anachosukuma fuko akichimba. Kastori akakifagia. Kesho yake kikawepo kingine. Cha kwanza sijui nani alikiweka. Cha pili niliweka mimi, nikielekea shule, udongo nikiuchota kwenye mfuko wa madaftari.

Yeye hakunigusa. Aligusa cherehani. Alimwambia mama mdogo aondoe mashine yake barazani, siku hiyohiyo, na sare za watoto wa kipaimara zikiwa nusu zimeshonwa. Tuliibeba mimi na yeye, yeye mbele mimi nyuma, na mvua ya manyunyu. Tulipofika nyumbani akaiweka chini, akasema, "Umenimwagia unga wangu, Editha. Mimi ndiye niliyeifukia hiyo sabuni?"

Hapo ndipo palipouma, Baba. Nilikuwa nimemlenga mmoja, nikampiga na mwingine aliyesimama karibu.

Kastori akatuma ujumbe kwamba cherehani itarudi barazani kama mimi nitasimama mbele ya watu, Jumapili, niseme kuwa nilikosea kutafsiri. Si kwenye kreti. Nisimame, gunia liondolewe dirishani, watu wanione. Alijua kuwa kwangu hiyo ni adhabu kuliko fimbo. Mama mdogo akaniambia, "Fanya. Maneno yanapita, njaa haipiti." Nikamwambia nitafanya.

Ukumbi ulijaa hadi nje. Kastori alisimama pembeni yangu na shati jeupe, akasema, "Haya, mwanangu, warekebishie watu."

Niliikodolea macho sakafu. Nikasema, "Nilikosea kutafsiri."

"Sauti!" wakasema wa nyuma.

"Nilikosea kutafsiri! Nilisema fuko. Fuko ni mnyama, hana kosa. Anakula kwa sababu ana njaa, na aliyepanda hamjui. Neno lenyewe ni msaliti." Nikavuta pumzi, nikadhani sauti itakatika, haikukatika. "Na yale ya jembe na sabuni hayamo kwenye picha. Yale ni ya baba yangu. Mimi ni mtoto wa Mpanda Sabuni."

Jina lile, Baba, nililitamka mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya watu wote wale, na hakuna aliyecheka. Mama Tuma akachukua beseni lake akatoka. Wakamfuata mmojammoja. Yule mzee wa kahawa alipompita Kastori alisema tu, "Bwana, hata sisi tunaokula fuko, huyo wako hatumli," akavaa kofia yake. Jenereta likabaki linaunguruma kwa ajili ya mabenchi.

Tukabaki mimi na yeye. Kastori akakaa kwenye kreti yangu. Akaniuliza, bila hasira, "Alikueleza yeye?"

"Nani?"

"Baba yako."

"Hajawahi kulitaja jina lako."

"Miaka yote hii?"

"Hata mara moja. Ukitajwa na watu anaondoka anaenda kutazama nyavu."

Hapo uso wake ulibadilika. Matusi ya watoto aliyavumilia, vile vilima vya udongo alivifagia, lakini hilo lilimpata mahali. Akawa anaisugua ile chupa ya chai kwa kidole. Kisha akasema, "Nitakwenda kwake. Mimi na yeye tu watu wazima, tutaelewana." Sijui anakuja kuomba radhi au anakuja kukuomba uninyamazishe. Nadhani hata yeye hajui. Jana nilipita dukani nikaona mzigo anaoufunga, sukari, kitenge cha mama, na juu yake katoni ya sabuni. Sabuni, Baba! Nikacheka peke yangu njiani kama kichaa, kisha nikalia.

Kuhusu mama mdogo usihofu. Mzee Salum wa duka la vitenge, lile linalotazamana na la Kastori, alituma mtu kusema baraza lake lina nafasi na kivuli kizuri zaidi. Cherehani iko pale. Mteja akikaa kusubiri nguo yake anamtazama Kastori usoni siku nzima. Mama mdogo amenisamehe kwa kiasi. Bado ananipa ukoko wa ugali, ila sasa anaupaka mboga.

Padre nilimweleza kwenye kitubio. Akaniuliza kama najutia. Nikamwambia najutia cherehani. Akasema, "Na mengine?" Nikanyamaza, na safari hii haikuwa aibu. Akanipa sala ndefu nikaisali, lakini nilipomaliza nilikuwa bado nataka kitu kimoja, na ndicho ninachokuandikia. Sitaki duka lake liungue. Sitaki apigwe. Nataka aseme. Mimi nimesema kwa niaba yake, kwa kinywa cha mzungu wa kwenye televisheni, na baadaye kwa kinywa changu. Yeye mwenyewe hajasema.

Kwa hiyo salamu zangu safari hii zina kazi. Msalimie Mama, mwambie asiteleke chochote kwa ajili ya mgeni huyo mpaka asikie sauti yako. Msalimie Bibi, mtolee kigoda akae karibu na mlango, masikio yake bado mazima kuliko yetu. Kaka Deo msalimie, ila umshike mkono, ngumi zake zisije zikaharibu maneno. Shangazi wa jirani naye aje kuchambua dagaa hapo uani, na wenzake. Hakuna anayeulizwa kwa nini anachambua dagaa.

Kastori atafika na mzigo wake, atasimama uani, atapiga hodi. Najua ni wewe uliyenifundisha kwamba mlango haunyimwi mgeni, hata usiyempenda. Nakuomba mara hii uivunje desturi hiyo, unisikilize mimi. Hodi ya kwanza, kaa kimya. Ya pili, kaa kimya. Kwetu mtu ana hodi tatu, na ya tatu isipoitikiwa anageuza njia. Kati ya ya pili na ya tatu, hapo ndipo mahali pake pa kusema, juani, mzigo begani, watu wakisikia, jina lako na jina lake. Akisema, basi kilichobaki ni chako, Baba. Mkaribishe, mfukuze, au mlie pamoja, mimi sitakuwa na neno tena. Asiposema, mwache apige hiyo ya tatu, nawe uendelee kushona wavu.

Mwanao, mtiifu kwa mengine yote,

Editha